Imegoma Tena

"Imegoma tena, mwanangu," ilisema ile sauti nene kwenye simu, na fundi wa tovuti akakiweka kikombe chake chini.

Alikuwa yule yule mzee, dereva mstaafu. Jino lilimsumbua wiki nzima, na kila asubuhi alijaribu kuomba nafasi kwenye tovuti ya kliniki ya meno. Kila asubuhi ukurasa ulimjibu: *Samahani, kosa ni letu, si lako. Piga namba hii.* Namba ilikuwa ya fundi.

"Pole, baba. Linauma sana?"

"Sijalala. Lakini msijisumbue. Haraka haina baraka." Akapandisha sauti ya simu. "Hebu rudia, mke wangu asikie. Kosa si langu, sivyo?"

"Si lako kabisa, baba."

"Umesikia, mama watoto?"

Fundi alikata simu akiona haya. Mwenye maumivu hugombana hata na kiti, huyu anambembeleza! Na daktari, mwenye kliniki, alishasema waziwazi: kosa liondoke leo, la sivyo ataondoka fundi.

Ajabu ni kwamba wagonjwa wengi walipita bila shida. Na ile samahani aliyoitunga mwenyewe ndiyo iliyomponza: seva, kompyuta inayoendesha tovuti, ikianguka, ukurasa unaomba radhi kwa adabu, sababu inapotelea humo humo. Akaongeza maelekezo: kabla ya kuomba radhi, programu iandike kwanza kilichoiangusha. Akampigia mzee, akamwomba ajaribu tena. Seva ikaanguka, safari hii ikimtaja mchawi wake.

Fundi akaangua kicheko. Penye kujaza huduma wanayotaka, wengine walikuwa wameandika "kuziba" au "kusafisha". Mzee aliandika "kung'oa", na kile kialama kidogo kinachokaa juu baada ya ng ndicho kilichoibwaga seva nzima.

Akarekebisha. Akaandika "kung'oa" mwenyewe, ikapita kama maji. Akamweleza daktari, akajibiwa mgonjwa aletwe sasa hivi. Akapiga simu, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Baba! Imepona! Daktari anakusubiri sasa hivi!"

Sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali: "Haya, vaa viatu!"

Mlango ukafungwa taratibu.

"Mwanangu," mzee akanong'ona, "huwezi kuiharibu tena? Japo kidogo tu, kabla hajaziona funguo za gari."