Flashi ya Bwana Kisasa

Bwana Kisasa alijipapasa mfuko wa kulia, akajipapasa wa kushoto, kisha akavua koti na kulikung'uta juu ya meza. Ikadondoka pipi iliyoota manyoya. Flashi haikuwemo.

Ilibaki nyumbani, kwenye suruali ya jana, na mkurugenzi alikuwa njiani kuja kuchukua ripoti ambayo haijaandikwa hata mstari.

Jina la Kisasa alipewa na wafanyakazi. Ni yeye, mkuu wa idara, aliyeamuru kompyuta zote ziwekewe mfumo mpya. "Nitakayemkuta na mfumo wa zamani, ajihesabu hana kazi!" alitamba, akapigiwa makofi. Kisha akarudi ofisini kwake, akakaa mbele ya huo mfumo mpya, akatafuta mahali pa kuandikia barua mpaka jasho likamtoka. Hakupaona.

Ndipo mpwa wake alipomtilia mfumo wa zamani kwenye flashi, mzima mzima. Tangu hapo, kila asubuhi bosi hufunga mlango, huichomeka, huiwasha kompyuta, na kioo humletea yale yale aliyoyazoea. Jioni huichomoa, wala haiachi alama. Mzee mzima na ndevu zake, anajificha na kidubwasha kama mtoto aliyeiba sukari! Aibu ilimpanda hata akiwa peke yake.

Wenzake walionekana kuuzoea mfumo mpya haraka. Asubuhi milango yote ilifungwa, watu kimya, wanachapa kazi. Mkurugenzi ndiye aliyeusifia kuliko wote. Kila akija aliomba chumba chenye kompyuta, akajifungia humo asisumbuliwe na mtu.

Leo Bwana Kisasa hakuwa na pa kukimbilia. Akabofya huku, akabofya kule. Maandishi yote yakapinduka, miguu juu kichwa chini. Alikuwa amepindisha shingo akijaribu kuyasoma wakati sekretari wake alipobisha na kuingia.

"Bosi, shingo imekaza?"

"Kompyuta hii ina mafua," alijibu, akijidharau kwa kushindwa hata kudanganya. Kisha akanywea. "Dada yangu, leo kazi sina. Mimi mwenyewe ndiye nitakayefukuzwa kwa amri yangu."

Sekretari akatazama ubavuni mwa kompyuta, kwenye tundu lililokuwa tupu. Akarudi mlangoni, akaufunga. Akavuta kamba iliyokuwa shingoni mwake, ndani ya blauzi, na mwishoni mwa kamba ikaning'inia flashi.

"Tumia yangu, bosi. Mimi nitaazima ya mhasibu akimaliza."

Bwana Kisasa aliipokea. Kumbe yale makofi yote! Alitaka kukasirika, akajiona hana uso wa kukasirikia.

"Na mkurugenzi je?" alinong'ona, huku akiichomeka. "Akiiona hapa?"

"Hana shida na hiyo," alisema sekretari. "Yeye huja na yake."