Toleo la Nne la Saa ya Marehemu

Jina la kampuni lilikuwa kichwa chini miguu juu, na fundi waliyemwita Milimita alikuwa tayari kupigana na yeyote atakayetaka kulinyoosha.

"Ndiyo asili yenyewe, bosi!" alisema, akigonga picha ukutani.

Picha ilipigwa kutokea begani kwa marehemu mwanzilishi, mwenyewe kainamia saa yake mkononi. Kila kitu kilionekana: uso bila namba, vijistari tu, kitufe cha kuzungusha upande wa kushoto, jina chini, limepinduka. Saa yenyewe walimzika nayo.

Matoleo mapya yaliyotangulia yalikuwa vituko vitupu. La kwanza lilinyoosha jina na kuhamishia kitufe kulia, wateja wakanuna: siyo asili. La pili lilinenepa mpaka likagoma kuingia kwenye mkono wa shati. La tatu lilitiwa kidude cha kupima mapigo ya moyo, kikamtangaza bosi kuwa ni marehemu katikati ya kikao.

"Safari hii ukiboronga," bosi alisema, "utakwenda kuuza miavuli. Na shemeji yako namfukuza pia, kwa kukaa karibu na wewe."

Uzinduzi ulipangwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo ungeanza saa mbili na nusu. Mwanzilishi hakuwahi kufika popote ila kwa kuchelewa nusu saa, na kiwanda kizima kilimuiga kwa heshima. Hata jeneza lake lilichelewa kutoka.

Aliyefika saa mbili kamili ni mjane wake peke yake. Alikuta viti vitupu na Milimita akifuta kioo cha saa kwa tai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wako wapi?"

"Wanamuenzi marehemu."

"Kwa kulala?"

Milimita akamvalisha ile saa taratibu, kama anayemvisha pete. Bibi akisema ndiyo, maboksi yote yanatoka ghalani. Akisema siyo, miavuli.

Bibi akaitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Milimita akadhani analia, akatafuta leso, akakosa, akatoa tai.

"Imefanana, Bibi?"

"Mno! Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akiivaa." Akafungua mkanda, akaigeuza saa, akaifunga tena. Jina likakaa juu, limenyooka. Kitufe kikahamia kulia. "Na hivi ndivyo alivyoitengeneza."

Milimita akainama kuiangalia saa upya.

"Mzee wangu alichoka kuona mshale kwenye nane huku anasema saa mbili," Bibi akasema, akijifuta machozi kwa ile tai. "Siku moja akaivaa juu chini. Tangu hapo mshale mfupi ukawa unamwambia kweli, na mrefu unamdanganya nusu saa, mpaka kaburini."