Kipigo cha Jioni

Mkanda ulitua kwa kishindo, kalamu ikamtoka Nabintu mkononi. Upande wa pili wa ukuta Akwero alipiga yowe: "Nakufa! Opoka, naniua mimi!" Mkanda ukatua tena. Katikati ya mayowe ikasikika sauti nene ya mwanamume, ikinguruma kama ng'ombe anayechinjwa. Nabintu akasema moyoni kwamba huyu Opoka si mtu, hata hasira zake ni za mnyama.

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni, giza likianza kuingia. Majirani wa mstari ule wa vyumba pale Makindye waliongeza sauti za redio zao na kuendelea kukaanga vitunguu. Kambi ya jeshi ilikuwa karibu, na watu walikwisha kuzoea kusikia wenzao wakilia.

Nabintu hakuzoea. Alikuwa ametoka Bukavu kuja kuwa mwalimu msaidizi wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari, chini ya Mwalimu Erinayo, mzee mcheshi aliyempokea stendi na kumbebea sanduku. Chumba pia alitafutiwa na yeye. "Jirani yako ni polisi," Erinayo alimwambia, "lakini mtu mzuri sana." Mzuri! Kama huyo ndiye mzuri, wabaya wa mji huu wakoje?

Wala Erinayo hakuwepo tena aulizwe. Wiki ile ile Nabintu alipofika, askari waliingia darasani, wakamburuta Erinayo mpaka uwanjani, wakampiga mateke mbele ya wanafunzi. Akawaponyoka. Wakamfyatulia risasi akiruka ua wa michongoma, damu ikabaki kwenye majani. Kesho yake mkuu wa shule alitangaza kwamba mwalimu amefariki, na mtu asiulize maiti iko wapi. Msaidizi akaachiwa madarasa yote.

Angerudi kwao siku hiyo hiyo kama si Akwero. Akwero alikuwa nesi katika hospitali ya Mulago. Alimwonyesha wapi pa kupata sukari ya magendo, na namna ya kuinamisha macho kwenye vizuizi vya askari. Hata kufundisha alimfundisha.

"Wale wa darasa ya tatu, anza na wimbo," alimwambia siku moja wakimenya matoke. "Na ule kijana anakaa kwa dirisha, usimuchape. Mutanie. Yeye akijibu, wote nafuata."

Nabintu akajaribu, na darasa lililokuwa limenyamaza kama matanga likaamka.

"Umejuaje, dada?"

"Nesi najua watu," Akwero akacheka, akageukia sufuria yake. Alikuwa anachemsha vitambaa, na maji yalikuwa mekundu.

Nabintu aliviona vitambaa vile, roho ikamuuma. Usoni na mikononi Akwero hakuwa na hata mkwaruzo, lakini Nabintu aliujua ujanja huo: wanapiga palipofunikwa na nguo. Dada yake Pélagie alipigwa hivyo hivyo na mumewe, huku ndugu zake wakisikia na kuyaita mambo ya ndani, mpaka siku alipotolewa amefunikwa shuka. Nabintu hakutaka kusikia tena kupitia ukutani mwanamke akifa.

"Huyu bwana yako atakuua, dada. Mbona haukimbie?"

Akwero alimshika mkono, akaubana hasa. "Mwalimu, hii mambo ya nyumba yangu wachana nayo. Nakuomba. Wiki kesho itaisha."

Itaisha! Nabintu hakulala. Alijua kwa Pélagie iliishaje.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumtia polisi adabu. Kapteni Zubairi alikuwa anangoja kupelekwa ubalozini Ufaransa, na Nabintu alikuwa akimfundisha Kifaransa nyumbani kwa kapteni baada ya shule. Watu walimwogopa mpaka walivuka barabara wakimwona. Kwa mwalimu wake alikuwa mpole, akitoa jasho juu ya neno "mademoiselle" lililokataa katakata kukaa mdomoni mwake.

"Afande, kuko polisi, jirani yangu, anapiga bibi yake kila jioni," Nabintu alimwambia. "Anatoka damu mingi."

Zubairi alicheka. "Bibi ya mutu, mimi naingia wapi?"

"Umutishe tu. Nakuomba. Ni mama nesi, ni rafiki yangu wa pekee hapa."

Kapteni alifunga daftari lake. "Sawa. Sababu wewe mwalimu yangu."

Jioni iliyofuata mkanda ulikuwa haujatua mara ya pili gari la jeshi lilipofunga breki uani. Buti likavunja mlango. Nabintu alisimama kizingitini kwake, amefurahi. Tangu avuke mpaka hakuwahi kujiona ana faida kwa mtu kama dakika ile.

Opoka alitupwa nje kwanza. Kitako cha bunduki kikampata mdomoni, meno yakamwagika. Nabintu hakumhurumia hata chembe, naye aonje. Wakampiga tena, na tena, mpaka akaacha kujikinga.

Ndani kukawa kimya. Kapteni Zubairi akatoka, mkanda katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili mto mkubwa wa sufi, umechanika kwa mapigo, sufi ikimwagika chini.

Akwero akaburutwa kwa nywele. Hakumtazama Nabintu.

Askari wawili wakafuata, wamelishika blanketi kwa ncha zake. Ndani yake, paja limefungwa vile vitambaa vilivyochemshwa, alikuwa amelala Mwalimu Erinayo, akinguruma kwa sauti ile nene ya kila jioni.

Kapteni akasimama wima mbele ya Nabintu, akampigia saluti.

"Merci beaucoup, mademoiselle," akamshukuru, na safari hii neno halikumshinda.