Ilegee, ila Nguvu Zisipungue

Mama yule aliijaribu bunduki kwa mkono wa kushoto, tena kwa vidole vitatu tu. Ule wa kulia aliuweka mgongoni, kama mtu aliyekatazwa kuutumia.

"Bado ngumu," alisema, akairudisha mezani.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ya kupampu: unakunjua na kukunja wenzo ulio chini ya mtutu mara kadhaa, hewa inajaa, ndipo unapiga. Fundi alikuwa ametengeneza majiko, baiskeli, kufuli na bunduki kadhaa za namna hiyo, lakini hakuwahi kuona mteja anayepampu kama anayeonja joto la pasi.

"Mama, wiki jana nimelainisha bomba la ndani kwa msasa. Nimebadilisha raba, nimetia grisi. Ikilegea zaidi ya hapo, hata paka ataipampu."

"Basi ifike kwa paka. Ila nguvu zisipungue. Ilikuwa inatoboa kopo, iendelee kutoboa kopo. Zikipungua tu, mume wangu atajua."

"Atajua nini?"

"Na kwa nje isionekane imeguswa. Usirefushe wenzo, usipake rangi. Anaijua bunduki yake kuliko anavyonijua mimi." Akafunga pochi. "Mengine ni mambo ya nyumbani, fundi."

Fundi hakuwa mtu wa kudaka maneno ya watu, lakini haya alikuwa amerushiwa usoni. Mama alipoondoka, alivuka barabara akaingia kwa kinyozi, akakaa kitini.

"Mumewe?" kinyozi alisema huku akimpaka sabuni. "Namjua sana. Mrefu, anajisikia kidogo, shabaha yake haikuwa na mpinzani. Nilikuwa namnyoa kila Jumamosi. Tangu mvua zianze hajaonekana. Nikimuuliza mkewe, ananijibu yupo, anapumzika. Jamani, mtu gani anapumzika msimu mzima? Nikamwambia basi nije nimnyolee nyumbani. Alinizuia mlangoni!"

Fundi aliondoka pale shavu moja likiwa limenyolewa.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mume kafungiwa ndani. Mke anataka bunduki ya kupampu bila kutoa jasho, nguvu zilezile, na mwenyewe asijue. Bunduki ya upepo si kitu cha kumwangusha mtu mzima kirahisi, lakini jicho ni jicho, na aliyelala hakimbii. Fundi aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alifikiria kwenda polisi, akajiuliza angewaambia nini. Kwamba kuna mama hapendi kuchoka?

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi: akaharibu kazi kwa makusudi. Alitoa raba laini, akaweka nene iliyobana kwelikweli. Akafuta grisi yote. Akakaza pini za wenzo mpaka zikalia. Alipoijaribu, ilimbidi aibane katikati ya magoti na kuvuta kwa mikono miwili, akavuja jasho mpaka ndani ya masikio. Kwa nje haikuonekana imeguswa. Hapo tu ndipo alipomtii mteja wake.

Mama alikuja kuichukua akiwa na mfuko wa duka la dawa mkononi. Fundi aliuona mfuko ule, akawaza sumu. Kumbe ana njia mbili!

"Hata sijaribu leo," mama alisema. "Nina haraka, ananisubiri."

Wiki ile fundi hakula vizuri. Gari la wagonjwa likipita, anaacha nyundo. Mtu akipita amevaa nguo nyeusi, anauliza nani kafariki. Kinyozi alimshauri amalizie lile shavu la pili, naye akasema huu si wakati wake.

Jumamosi mama alirudi. Alikuwa ameibeba bunduki kifuani, macho yamevimba kwa kulia. Fundi alirudi nyuma ya jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi.

"Uliikaza," mama alisema.

"Niliikaza." Fundi alishika nyundo, si kwa kupiga, kwa kushika kitu tu. "Na siombi radhi, mama. Nilimwonea huruma mzee wa watu."

"Nimekulaani wiki nzima. Ungekuwa karibu ningekutwanga na hicho kitako chake. Jumatatu imegoma, Jumanne imegoma, nikajua sasa ndiyo basi, siri yangu imetoka."

"Ilikugomea?"

"Ingenigomea mimi ingekuwa nafuu." Mama aliilaza bunduki mezani taratibu, akajifuta macho kwa kiganja, na fundi akaona kwamba anacheka. "Fundi, tangu mume wangu apooze mkono wa kushoto hataki mtu amwone, nami kila wiki nakuletea hii uilegeze kidogo ili adhani anapona. Jana kaipampu hivyohivyo ulivyoikaza, kwa mkono uleule, kopo likatoboka, na leo kanituma nikuulize kama inaweza kukazwa zaidi."