Nta kwenye Paa la Tela

Filipo alisikia mvumo kabla hajawaona nyuki, na papo hapo akajua alichokifanya.

Tangu asubuhi alikuwa juu ya paa la tela la zamani la trekta, alilolijengea kuta za mbao na bati ili familia ipate pa kulala msimu wa kurina asali, huku Itigi. Mvua ya jana ilikuwa imevuja kitandani. Silikoni ilipomwishia, aliyeyusha nta akaziba nayo nyufa zote. Nta ileile anayopaka kwenye mizinga mitupu ili kuwaita nyuki!

Na sasa walikuwa wameitika. Kundi zima lilitoka vichakani, likazunguka paa, likaanza kushuka kuelekea tundu la hewa alilolikata, pana kama sahani. Mfuniko wake ulikuwa bado chini kwenye majani.

Ndani, chini ya tundu hilo, mkewe alikuwa amejilaza na kichanga chao.

“Mama watoto, funga mlango,” alisema taratibu. “Usitoke.”

“Kuna nini?”

Nyuki mmoja alitua ukingoni mwa tundu, akatembea kidogo, akachungulia ndani. Akafuata wa pili.

Filipo alilala kifudifudi, akaliziba tundu kwa tumbo lake. Mvumo ukamjaa mgongoni, shingoni, masikioni.

“Baba watoto, mbona giza?”

“Naweka mfuniko,” alisema, akafumba macho. “Wewe mnyonyeshe mtoto.”