Dalili Tatu

"Mlango umejifunga, niko ndani ya chumba cha mitambo. Kifua kimenibana. Fungueni upesi."

Karani aliusoma ujumbe ule mara mbili, mkono wake ukiwa mbali na kipanya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye alishaumwa mara mbili.

Nyoka mwenyewe alikuwa fundi wa kompyuta, waliyemwita Mlinzi. Kila mwezi aliwatumia wafanyakazi barua pepe za uongo, aone nani atanaswa na kuwafungulia wezi wa mtandaoni. Ya kwanza ilimwambia karani amepandishwa cheo. Ya pili ilisema binti yake ameanguka shuleni. Aliibofya huku analia, ofisi nzima ikacheka. Mlinzi alicheka hadi pumu ikampanda.

"Ya tatu, dada, unafukuzwa kazi," alimwambia akivuta dawa yake. "Wezi hawana huruma, na mimi sina."

Leo karani alikuwa macho. Anwani ngeni. Haraka haraka. Maneno ya kutia huruma. Dalili zote tatu alizozibandika Mlinzi ukutani, chini ya msumari wa ufunguo wa akiba wa chumba cha mitambo.

"Na wewe umeupata?" mpokea wageni alichungulia.

"Nimeupata. Safari hii kagonga mwamba. Si yeye anayetukataza kuingia na simu kule ndani? Sasa kaandikaje? Tazama, hata dawa yake kaiacha mezani. Kajibanza hapa hapa, anatuchora tu."

Walicheka sana. Aliyeutambua mtego alitakiwa kuujibu, basi karani akaandika bila kubofya kingine chochote. Wenzake tisa nao wakajibu. Siku nyingine Mlinzi angerudisha "Hongera" papo hapo. Leo kimya.

"Roho inamuuma," karani alisema. Mchana huo alikula kwa raha aliyoisahau tangu siku ile walipomcheka.

Saa kumi mfagizi aliuchukua ufunguo ukutani akafanye usafi chumba cha mitambo. Alirudi mbio.

"Njooni mnisaidie. Mlango mzito, kuna kitu kimeuegemea."

Wakasukuma pamoja. Mashine zilikuwa zinavuma kwa nguvu. Mlinzi alikuwa chini, amekauka, amekumbatia kompyuta mpya ambayo hata nailoni haijabanduliwa vizuri, wala anwani yake ya kazi haijawekwa. Kati ya majibu kumi alikuwa amefungua moja tu, la karani: "Hunipati ng'o!"