Waridi la Dirishani

Birika lilipochemka, dada mkubwa hakutia chai. Alilibeba mpaka nje, chini ya dirisha la mama yao, akasimama mbele ya chungu cha waridi.

Ni mdogo wake aliyelileta. Huja Jumapili, akapunguza majani makavu, akalimwagilia maji, kisha akaenda zake ananukia vizuri. Anayemgeuza mama kitandani na kumlisha uji kijiko kwa kijiko ni yeye mkubwa. Lakini wageni wakiingia, mama huwaelekeza dirishani: "Tazameni ua la mwanangu."

Kijicho kilimshika. Palikuwa na tumba moja jekundu, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Akainamisha birika. Udongo ukayanywa maji ya moto kwa sauti ndogo, mvuke ukampanda usoni.

Aliporudi ndani, mama alikuwa macho.

"Umelimwagilia?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Nilimtuma mdogo wako alinunue, mimi miguu sina tena. Nikamwambia, dada yako anashinda humu ndani kwa ajili yangu, na tangu utotoni anapenda mawaridi. Ni lako lile, mwanangu. Nilitaka lichanue kwanza ndipo nikwambie, ila moyo umenishinda."

Birika likamponyoka. Alikimbia nje, akazamisha mikono yote miwili katika udongo ule wa moto, akitafuta mizizi.